Jumatano Saa Nne

Mimi, Mwalimu alikuwa akiniita "wewe wa Balambala". Rafiki yangu wa kitanda cha juu alikuwa "wewe wa Elwak", na mabinti wawili wa Wajir aliwatofautisha kwa kuwaita wa Wajir mrefu na wa Wajir mwenye kikohozi. Yule wa kikohozi alipona ndani ya wiki mbili, lakini jina alitembea nalo mpaka kidato cha nne. Si kwamba majina yetu halisi hakuyajua. Aliyasoma kwenye rejista kila asubuhi, akihangaika na zile herufi zetu za kooni mpaka azipate, wakati walimu wengine walizikanyaga tu wakapita. Ila alikuwa mwalimu wa Jiografia, na alisema mtu akikuambia jina lake bado hujajua kitu, akikuambia anakotoka umeanza kumjua.

Sisi naye tukampa lake. Kwetu Wasomali hakuna anayeachwa bila jina la utani, awe sheikh awe mbunge. Mwenye masikio makubwa ataitwa Masikio mpaka azikwe, na wala hanuni. Mwalimu tulimwita Arbaca, yaani Jumatano. Siku moja jina hilo lilimponyoka msichana darasani, akaziba mdomo kwa hofu. Mwalimu aliendelea kuchora mto ubaoni, akasema bila kugeuka, "Ndiyo, nasikia."

Jina lilitokana na swali lake. Mbali na Jiografia, yeye ndiye aliyetuongoza katika kuchagua kozi na vyuo vikuu, kazi ambayo walimu wengine waliikimbia kwa sababu ilikuwa ya kugombana na wazazi. Miaka ile fomu za vyuo zilijazwa shuleni, kwa kalamu, kabla hata ya kufanya mtihani wa mwisho. Na kabla hujapewa fomu ilikubidi umwandikie ukurasa mmoja. Swali lilikuwa lile lile kila mwaka: miaka kumi na mitano ijayo, ni Jumatano, saa nne asubuhi. Uko wapi, na unafanya nini?

Kwa nini Jumatano? Jumatatu, alisema, kila mtu ana nguvu mpya na uongo mwingi. Ijumaa akili iko kwenye swala na safari ya nyumbani. Siku ya kuhitimu na siku ya harusi hazihesabiki, hizo ni za wapiga picha. "Jumatano saa nne chai mmeshakunywa, chakula cha mchana bado, na hakuna anayekutazama. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kama hutaki kuwa pale, usiende." Ukiandika umevaa koti jeupe, atakuuliza mikono inafanya nini. Ukiandika wewe ni meneja, atakuuliza nani amekaa mbele yako na anakuambia nini. Binti mmoja aliandika yuko ndani ya ndege. Mwalimu akamuuliza inaenda wapi, binti hakujua, akarudishiwa karatasi.

Karatasi aliyoirudisha aliiandika juu maneno mawili kwa kalamu nyekundu: Andika upya. Aliyoikubali aliipiga tiki moja ndogo, pembeni, bila alama wala "vizuri sana". Tuliitafuta ile tiki kuliko maksi za Hesabu.

Alikuwa Mtaita, mwembamba, mrefu, mtu wa milimani kwenye ukungu, aliyeletwa Garissa na barua ya kazi akiwa bado msichana. Kila mwaka alisema mwaka huu anaomba uhamisho. Hakuuomba. Joto lilimuudhi waziwazi. Alisahihisha madaftari miguu ikiwa ndani ya beseni la maji, na mkaguzi alipomkuta hivyo alimwambia avute kiti, akamuuliza kama na yeye aletewe beseni. Akitoka nje ya lango alijifunga leso kichwani kwa heshima ya mji, akirudi aliivua na kujipepea nayo. Ilipofika miaka ya mashambulizi, ambayo walimu wengi wa kutoka mbali walifunga mizigo yao wakaondoka, na hofu yao ilikuwa na sababu, yeye alibaki, akaongezewa vipindi vya Hesabu asiyoijua vizuri. Hakutuficha. Alisema, "Hii na mimi najifunza, kwa hiyo twende pole pole, tukosee pamoja."

Kitu kimoja tu cha kwetu kilimshinda, maziwa ya ngamia. Ule moshi unaotiwa ndani ya kibuyu alisema ni kama kunywa jiko. Wazazi walimletea kwa heshima, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na wakishatoka langoni akatugawia sisi. Yeye alikunywa chai ya rangi kutoka kwenye thermosi, katika kikombe ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kikombe hicho kilikuwa na nembo ya chuo kikuu kile cha jijini, kile ambacho kila mzazi alikitaja kabla ya Bismillahi kumtoka vizuri.

Hapo ndipo tuliposhindwa kumwelewa. Yeye ndiye aliyetuambia jina la chuo ni maandishi tu juu ya gunia, fungua uone mchele. Na yeye yeye alikiosha kikombe kile kwa mkono wake, akakikausha, akakiweka juu ya kabati, nembo ikitazama mlango ili kila anayeingia aione. Wa Elwak, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alimuuliza. "Mwalimu, wewe ulisoma huko. Sisi unatukataza kwa nini?"

"Sijamkataza mtu. Nauliza tu mtafanya nini mkifika." Kisha akakigeuza kikombe, nembo ikatazama ukuta. Kesho yake tulikikuta kinatazama mlango tena.

Huyo huyo wa Elwak alikuwa na kichwa cha sayansi. Karatasi yake ilisema yuko kwenye kliniki karibu na mpaka, mama mjamzito ameletwa na mkokoteni wa punda, na yeye ndiye anayempokea. Alipata tiki mara ya kwanza. Alitaka uuguzi na ukunga, chuo kidogo. Basi wakaja baba yake na baba zake wadogo wawili, na simu iliyofunguliwa sauti, na ndani ya simu baba mdogo mwingine aliyekuwa Islii, kule Nairobi. Ndiyo desturi yetu: mtoto ni wa ukoo, shauri lake hukaliwa na ukoo, na walio mbali hukaa ndani ya simu. Na mara zote aliye ndani ya simu ndiye mwenye sauti kubwa.

"Mwalimu," alisema wa simuni, "hii mtoto iko na kichwa ya daktari. Na hiyo chuo unasema, hapa Islii hakuna mtu anajua. Chuo haijulikani Islii, hiyo si chuo."

Mwalimu aliisogeza simu karibu yake. "Adeer," akamwita, kama sisi tunavyomwita ndugu wa baba, "shemeji yako akishikwa na uchungu Elwak, nyinyi wa Islii mtamfikia saa ngapi?"

Baba mtu akakuna ndevu, akacheka kidogo puani. Shauri halikuisha hapo, lilikwenda mpaka adhuhuri, wakatoka kuswali, wakarudi, wakaanza upya. Lakini wa Elwak alikwenda uuguzi. Leo ukifika Elwak ukaulizia mkunga, watakuonyesha mlango wake kabla hujamaliza kuuliza.

Sasa nifike kwangu. Nimeizunguka habari hii kwa sababu inaniuma.

Nilikuwa wa kwanza darasani. Nasema bila kujivuna, maana kuwa wa kwanza hakujanisaidia sana. Ukoo ulikuwa umeshaniita Wakili tangu nina miaka tisa, siku niliyomtetea kaka yangu kwa baba juu ya mbuzi aliyepotea, nikashinda kesi. Jina likaganda. Wageni wakija, baba alisema, "Wakili, leta chai," na wageni wakatikisa vichwa kana kwamba tayari nimevaa joho. Lakini mimi nilijua Jumatano saa nne nataka kuwa wapi. Niliandika: niko Balambala, shule ya wasichana. Nina chaki mkononi. Nauchora Mto Tana ubaoni bila kitabu, mipinda yake yote, na msichana wa dawati la nyuma aliyekuwa amesinzia ameinua kichwa. Niliandika mpaka vumbi la chaki kwenye buibui langu. Sijawahi kuandika kitu cha kweli namna ile, kabla wala baada.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu. Andika upya.

Nilidhani sikueleza vizuri. Nikaandika tena, nikaongeza jina la yule msichana, na swali aliloniuliza, na jibu nililompa. Andika upya. Nikamfuata ofisini. Miguu yake ilikuwa kwenye beseni.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakuniangalia. "Kichwa kama chako, ualimu utakingoja tu. Andika kingine."

"Kingine kipi?"

"Kwenu wanakuitaje?"

Nikaandika niko mahakamani. Nilijaza ukurasa kwa mambo niliyoyaona kwenye televisheni ya dukani, jaji na wigi lake na kadhalika, na sikujua hata mikono yangu ilikuwa inafanya nini. Hakuuliza. Ilirudi na tiki. Chaguo la kwanza kwenye fomu alinijazia mwenyewe: sheria, chuo kile cha kikombe. Matokeo yalipotoka na nikachukuliwa, jina langu liliandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa ukumbi wa shule, na Mwalimu alilia mbele ya shule nzima. Baba alimpelekea mbuzi. Na mimi nilifurahi, tusidanganyane. Ukoo mzima ukikupigia vigelegele utafurahi tu.

Watu wakisikia habari kama hii hungoja niseme nilifeli, nilifukuzwa, niliokotwa barabarani. Hapana. Nilihitimu, nikarudi Garissa, nina ofisi yenye feni na mlango wenye jina langu. Jumatano saa nne huwa nasoma hati za viwanja, cha huyu kimeingia kwenye cha yule, na kazi naifanya vizuri. Lakini dirisha langu linatazama shule ya msingi. Kabla ya kengele ya mapumziko nasikia darasa zima likiitikia kwa pamoja, na sauti moja ya mwalimu ikiwatangulia. Nikiisikia ile sauti natamani ingekuwa yangu. Naweka kalamu chini, nasikiliza mpaka kengele. Karani wangu anadhani ni uradi, kwa hiyo huwa hanisemeshi.

Mwalimu nilimpenda na nilimkasirikia, yote mawili, na kwa miaka nilikwepa mtaa wake. Tukikutana sokoni alisema "Wakili wangu" kwa fahari, mbele ya wauza nyanya, nami nikasema shikamoo na kujifanya nina haraka. Hakuniita tena wa Balambala. Nilikuwa nalingoja jina hilo kila mara, halikuja.

Mwaka huu binti wa kaka yangu, Hibo, anayeishi kwangu, alipata matokeo mazuri kuliko yangu. Siku hizi hakuna fomu ya karatasi. Ni tovuti na nywila, na tovuti ilikuwa inafungwa Ijumaa. Ukoo ukakaa, nusu yake ndani ya simu. Ikaamuliwa udaktari wa meno, chuo cha jijini. Kazi ya kumlainisha mtoto nikapewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mfano. Hibo alitaka shahada ya mifugo na malisho, kwenye chuo ambacho hata mimi ilibidi nikitafute kwenye simu.

"Edo," aliniambia, maana mimi ni shangazi yake, "meno ya watu siyataki. Nataka ngamia."

"Ngamia uliwaacha kwa baba yako. Hukusoma miaka yote hii urudi kwa ngamia."

"Wewe ulitaka nini ulipokuwa kama mimi?"

"Nilitaka nilichopata," nikasema, na nikamwambia asinijibu tena. Nilijisikia nikisema. Sauti ilikuwa yangu, maneno yalikuwa ya Islii.

Alipozidi kukataa nikaona nimpeleke kwa Mwalimu, aliyekuwa amestaafu lakini hajaondoka mjini. Nilikuwa na hesabu zangu. Aliyenipigia tiki mimi kwa uwakili nisioutaka angempigia na huyu kwa meno asiyoyataka, na mtoto angemsikiliza mtu mzima wa nje kuliko mimi. Nilikwenda kutafuta msaidizi wa kosa, nalisema wazi. Nikamwachia karani ofisi asubuhi ya Jumatano.

Tulimkuta barazani kwake, nyumba ya vyumba viwili upande wa mto. Alikuwa amekonda zaidi, na miguu imevimba, lakini ilikuwa pale pale kwenye beseni. Kikombe kilikuwa mkononi, mpini umevunjika, nembo imefifia mpaka huwezi kuisoma. Nilisikia harufu ya moshi kabla sijaona ndani ya kikombe. Maziwa ya ngamia.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Nimechelewa tu kujua. Wewe binti, wa wapi?"

"Balambala," Hibo akasema.

Mwalimu alinitazama mimi, si yeye. Kisha akamnyooshea daftari kuukuu na kalamu, akamuuliza swali lake. Hibo aliinama akaandika bila kusita. Mimi nikaanza kueleza habari ya meno, na Ijumaa, na chuo. Mwalimu alikunywa maziwa yake kidogo kidogo. Hibo alipomaliza, Mwalimu aliisoma ile karatasi midomo ikicheza, akanipa.

Iliandikwa hivi: "Ni Jumatano saa nne. Niko kisimani nyuma ya Balambala. Ngamia jike mmoja amekataa kunywa, na wazee wanasema ni jicho la watu. Nimeshika shingo yake, nabana ngozi, naangalia inarudi baada ya muda gani. Viatu vyangu vimeharibika. Babu ananitazama. Hasemi kitu, lakini hajaondoka."

"Ni nzuri," nikasema, "lakini Mwalimu..."

"Yako unaikumbuka?"

"Zote tatu."

Alitikisa miguu majini. "Ile ya kwanza nilikaa nayo wiki nzima. Mimi nilikuwa nautaka udaktari, wewe wa Balambala. Alama zilipungua kidogo sana, nikapewa ualimu. Kwetu walinyamaza siku tatu kama kumefiwa. Baadaye kazi niliipenda, niliipenda mpaka nikasahau kurudi nyumbani, lakini kile kilio sikuwahi kukimaliza. Ukaja wewe, na kichwa kile, ukaandika unataka kusimama niliposimama mimi. Nikasikia watakavyosema. Wa Elwak nilimpigania mbele ya baba zake. Wewe wa kukupigania alikuwa mimi, na wa kupigana naye alikuwa mimi. Nikashindwa."

Nilitaka kumwambia haidhuru, Mwalimu, ndiyo ingekuwa adabu. Sikusema, kwa sababu ilidhuru. Lakini alikuwa ameniita wa Balambala, na machozi yalinitoka mbele ya mtoto, na sikuyafuta haraka.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa kalamu nyekundu. Nilidhani anataka karatasi. Akanipa mimi ile kalamu.

"Sahihisha."

Hibo alikuwa ananitazama. Maneno mawili nilikuwa nayo tayari, nilitoka nayo nyumbani, na mkono ulikuwa unayajua. Nikaweka ncha ya kalamu juu ya karatasi, nikaiinua. Nikamuuliza Hibo, "Ngozi ikichelewa kurudi, inakuambia nini?"

"Kwamba maji yamemwisha mwilini, Edo, hata kama hataki kunywa."

"Na kama imerudi haraka, na bado hataki?"

Akasimama. Hawezi kueleza ngamia akiwa amekaa. Akaonyesha shingo kwa mkono wake mwenyewe, akanieleza jicho, akanieleza taya na namna ya kulifungua usiumwe, na kila akifika mwisho niliuliza tena, naye akafikiri, akajibu. Mahali pengine hakujua, akasema hajui, na nikamwambia hiyo ndiyo akaisome. Mwalimu alikuwa amefumba macho, kikombe kifuani, anasikiliza. Hoja za Islii nitazijibu mwenyewe, angalau hilo nimelisomea.

Kisha nikapiga tiki, moja, ndogo, pembeni.

"Weka na siku," alisema Mwalimu bila kufumbua macho.

Nikaandika Jumatano, nikatazama saa kwenye simu, nikaongeza saa nne.